Mwonjaji wa Sosi Mwezi wa Mfungo

Kumenya nyanya si kazi ya mtu mwenye haraka, na mimi nina haraka tangu nizaliwe. Mama ndiye aliyenifundisha: chanja kidogo kitako cha nyanya, izamishe kwenye maji yanayochemka, hesabu mpaka kumi, itoe uitumbukize kwenye maji ya baridi, na ganda litaachia lenyewe. Sosi yenye maganda, kwake, ilikuwa aibu kuliko kutoka nje na nguo iliyochanika. Nikijaribu kupitisha nyanya moja bila kuimenya, ataiokota kwenye beseni na kuniwekea mbele.

Miezi mingine napika mara moja kwa wiki. Ramadhani ikiingia napika kila baada ya siku moja, kwa sababu wanawake wengi wa mtaa wetu hapa Kamembe wanavuka mpaka asubuhi kwenda kuuza Bukavu na kurudi alasiri miguu imevimba, na jua likizama watu wa nyumbani wanataka kula. Wananunua ndoo yangu ndogo ya sosi, wanatia samaki au nyama, chakula tayari. Kodi ya nyumba, karo ya watoto na dawa za mama vyote vinatoka kwenye ndoo hizo. Mume alishakwenda zake, na simlilii.

Dawa za mama ni za sukari. Miaka michache iliyopita daktari alimkataza kufunga, naye akalia kama mtu aliyefiwa. Mwanamke aliyefunga tangu usichana wake, sasa anakunywa chai ya mchana chumbani, pazia limeshushwa. Tulimweleza kwamba dini yenyewe imempa ruhusa. Tulimlishia maskini kama inavyotakiwa. Hakutulia. Kilichomtuliza ni kuonja.

Nyumbani kwetu mpishi aliyefunga haonji. Najua wapo masheikh wanaosema ukigusisha ncha ya ulimi kisha ukatema hakuna ubaya. Mama aliwasikia akawaachia maneno yao. Kwa hiyo tunahitaji mtu ambaye hakufunga, na mtu huyo akawa yeye. Sosi ikishakuwa nzito namwita. Anakuja amejifunga kitambaa kichwani vizuri, amenawa mikono, ananyoosha mkono apewe kijiko. "Bado. Ongeza kidogo." Au: "Hapo. Usiguse tena." Siku moja nilimsikia akimwambia jirani: "Miye pia niko mu funga. Bengine banafunga, miye naonja, basi tuko pamoja." Alicheka aliposema hivyo, na mimi nilifurahi kumsikia akicheka.

Mwaka huu, wiki ya kwanza ya mfungo, alisema "bado" mara tatu kwenye sufuria moja. Nilishangaa, lakini nikaongeza chumvi kama nilivyoambiwa. Kesho yake akaja mteja wangu wa zamani, mama mmoja anayeuza vitenge, ameshika ndoo iliyojaa karibu yote.

"Maman, njo sosi gani hii? Chumvi ni mingi kabisa. Batoto balikataa kula."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamuuliza kama hakutia samaki wa chumvi kisha akaja kunisingizia mimi. Aliniangalia, akaweka ndoo chini, akaondoka. Kabla ya adhuhuri walikuja wengine wawili na maneno yaleyale, na hao sikuwa na uso wa kubishana nao. Mama alikuwa chumbani, na kati ya chumba chake na sebule kuna pazia tu.

Tangu siku hiyo neno "bado" likapotea. Kila sufuria ikawa "iko bien," yaani iko sawa, tena haraka, kijiko hakijatoka vizuri mdomoni. Sosi moja ikatoka haina ladha, wateja wakanyamaza, na wiki iliyofuata wachache hawakuja. Nilijiambia kwamba pesa zimepungua mtaani. Mtu akiwa na jambo asilotaka kulijua, hakosi la kujiambia.

Kisha Ijumaa moja nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Nilimenya beseni zima la nyanya zilizotoka Gikundamvura, nyekundu, nzuri, nikazipika na vitunguu na mafuta mpaka zikalainika, na sikutia hata chembe ya chumvi. Kisha nikamwita. Alinawa, akapokea kijiko, akafumba macho. Safari hii hakuharakisha. Aliisukasuka sosi mdomoni kwa muda mrefu, nikamwona anatafuta, anatafuta, kama mtu anayepapasa gizani.

"Iko bien," alisema. "Usiongeze kitu."

Nilimshukuru. Alipotoka nilikaa kwenye kigoda nikajichukia. Nilikuwa nimemtegea mama yangu mzazi mtego, na alikuwa ameingia.

Siku ya kuchukua dawa zake nilimuuliza muuguzi pembeni kama mgonjwa wa sukari anaweza kupoteza ladha. Alisema hutokea, sukari ikikaa mwilini miaka mingi inagusa mambo mengi, na vidonge vingine pia vinaharibu ladha. Nikamuuliza tufanye nini. Alisema tuangalie meno yake, tufuate masharti ya chakula, tungoje. Nilitaka nimwambie kwamba sina muda wa kungoja, mwezi wenyewe siku ishirini na tisa au thelathini, na kila siku ya pili mama ananawa mikono. Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni ndefu, nikaondoka.

Ningemwambia nini? Mama, kuanzia leo usije jikoni? Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili nikamuuliza kama amekunywa dawa. Wateja nao walikuwa wanapungua. Nikijaribu kupima chumvi kwa kijiko, nyanya za leo si za juzi, na sufuria haidanganywi. Mwisho nikachagua ujanja wa mwoga. Nilimwacha aonje na kutoa hukumu yake, akishatoka nachota kidogo, nasogea nyuma ya mlango wa stoo, nagusisha ulimi, natema kwenye kitambaa, nasukutua, kisha narekebisha. Nilijitetea kwa masheikh walewale. Moyo haukutulia hata siku moja, lakini wateja walianza kurudi.

Ilikuwa kumi la mwisho la mfungo aliponikuta. Alirudi kuchukua miwani yake. Nilikuwa nimeinama kwenye stoo, kijiko mdomoni. Nilitema haraka kama mtoto aliyeiba sukari, nikaanza maelezo: ncha ya ulimi tu, sijameza, nilitaka kuhakikisha.

Hakunisikiliza. Alikwenda kwenye sufuria, akatazama pakiti ya chumvi iliyofunguliwa pembeni, akaketi polepole kwenye kigoda changu.

"Unaharibu funga yako sababu yangu," alisema.

"Haijaharibika, mama."

"Tangu mwaka yenye kupita sisikii kitu ku ulimi. Chumvi, pilipili, hata ile chai. Yote ni maji tu."

Mwaka mzima! Ramadhani ya mwaka jana pia, basi, alikuwa anabahatisha, akiangalia rangi ya sosi na uso wangu. Hasira yangu ya kawaida ikaja mbio, nikamwambia kwa sauti niliyoijutia papo hapo:

"Si ungesema, mama! Kwa nini hukuniambia?"

Aliinua macho. Hakuwa na hasira wala machozi, ndiyo maana nilishindwa hata kumsogelea.

"Na miye ningefunga na nini, mtoto yangu?"

Sosi ilikuwa inachemka, na nilijua itaungua nisipoikoroga. Nilichukua kijiko, nikakiosha, nikakiweka mkononi mwake, kisha nikageuka kuikoroga.