Dafodili za Dona Fernanda

Brigitte alipohamia La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, alipata chumba cha uani kwa Dona Fernanda, mjane wa Kireno aliyezeekea mtaa huo. Brigitte alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Cherehani aliiweka dirishani, kisha akaomba jembe apande lengalenga kando ya ukuta, maana kwake nyumba isiyo na mboga uani ilikuwa kama haina mwenyewe.

Jembe lilizama mara moja, likaibua vitunguu vingi, vimebanana, vyenye maganda ya kahawia. Akamshukuru Mungu kwa riziki ya bure, akavimenya, akaanza kukatakata. Alishangaa kidogo kwamba macho hayakumwasha. Mafuta yalikuwa yamekwishapata moto Dona Fernanda alipopita mlangoni, akaona maganda, akapiga ukelele. Aliingia bila hodi, akanyakua kisu na ubao.

"Umekula? Umeonja?"

"Bado, Mama."

"Ni sumu, mwanangu! Ni maua haya!"

Brigitte akakaa kitako sakafuni. Kwanza aliwaza tumbo lake. Halafu akawaza chumba, kwamba jioni hiyo mizigo yake italala barabarani. Dona Fernanda naye aliketi kitandani akihema, na ghafla kicheko kikamshika mpaka machozi yakamtoka. Akaenda kwake, akarudi na vitunguu viwili.

"Vya mchuzi ni hivi," alisema.

Matunguu yaliyosalia waliyafukia upya pamoja. "Ni dafodili za zamani," Dona Fernanda alieleza. "Alizipanda mama mkwe wangu. Madukani siku hizi wanapenda zenye kikombe kikubwa katikati ya ua, kama tarumbeta."

Kipupwe cha Joburg hakina mvua, na mwaka ule mabomba nayo yalikauka mara kwa mara. Brigitte alikinga maji aliyooshea mboga, akayapeleka ukutani. Asubuhi moja ya Agosti alifungua mlango, akakuta manjano tupu: petali za manjano, na katikati kikombe kidogo kama kifungo cha koti.

"Mama, njoo! Yametoka!"

Walisimama kwenye baridi, kila mmoja na kahawa yake, hawana haraka.

Wakaishi hivyo miaka kadhaa, hadi Dona Fernanda alipoanguka akavunjika nyonga. Brigitte alimpikia, akamwogesha, mpaka binti wa bibi huyo alipokuja kumchukua ahamie Durban. Siku ya safari Brigitte alishika jembe amchimbulie matunguu ya kuondoka nayo.

"Acha," bibi alisema. "Durban ni joto, na ua hili linataka baridi. Yabaki na wewe." Akamgeukia binti yake. "Na huyu, chumba ni chake, muda wote atakaotaka."

Brigitte alilia bila kujificha. Tangu aondoke kwao, hakuna aliyekuwa amemwambia abaki mahali.

Kila Agosti humtumia picha, na Dona Fernanda hupiga simu papo hapo, akipaza sauti kana kwamba Durban iko ng'ambo ya bonde. Mwaka huu Brigitte alimweleza kuwa alipeleka shada kanisani, akasimama mbele ya watu kutoa shukrani.

"Umemshukuru nani?"

"Mungu kwanza. Halafu wewe."

"Umepanga vizuri," bibi alijibu. "Sasa niambie, umemwagilia?"

Alikuwa ameshamwagilia, ila alichukua ndoo akaenda tena.