Shibiri Moja Nje ya Alama

Shangazi yangu akipewa mkono huhesabu vidole vyake kabla ya kuurudisha. Sufuria ya mboga huifunika, kisha huweka jiwe juu ya kifuniko, na nyumba nzima ni mimi na yeye. Sasa mwizi ni nani hapo? Nilishaacha kununa.

Kazi yake ni kushona maleba, yaani mavazi ya waigizaji, katika chumba kilicho nyuma ya jukwaa la ukumbi wa mji wetu. Kwa miaka mingi alijua viuno vya waigizaji wote, lakini mbele ya watazamaji hakuwahi kusema neno. Kisha mwigizaji mmoja akahama, na mwongozaji wa mchezo, mwanamume asiyejua kuongea bila kupiga kelele, akampa shangazi ile nafasi: dada tajiri anayeketi kitini na kukataa katakata kuinuka kumpokea dada yake mkubwa aliyefilisika.

"Kwa nini mimi?" aliniuliza shangazi. "Wanataka nini kwangu?"

Mafunzo yakazidisha wasiwasi. Aliambiwa upande wa kulia wa jukwaa ni mkono wa kulia wa mwigizaji aliyewaelekea watu, si wa mtu aliyeketi ukumbini. "Huo ni ujanja wa kutupoteza sisi wageni," akasema, akafunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia mpaka alipozoea. Akajifunza kuwa mbele ya jukwaa ni kule ukingoni, karibu na watazamaji. Akajifunza dokezo, lile neno la mwisho la mwenzako linalokuambia zamu yako imefika. Akajifunza pia alama, vile vipande vya utepe mweupe sakafuni vinavyoonyesha kila kitu kikae wapi, maana taa zimefungwa juu na hazimfuati mtu.

Balaa ilianzia kwenye alama. Karibu kila zoezi, shangazi alipoketi tu, mwongozaji alifoka: "Mama Cherehani! Uso wako uko gizani tena! Nitakurudisha kwenye cherehani yako!"

Hakuwa akitania. Tayari alikuwa na mwingine mawazoni, na shangazi alilijua hilo.

"Hii nafasi naitaka," aliniambia. "Naitaka kuliko nilivyotaka kuolewa."

Fundi nguo hupima kwa jicho. Aligundua kwamba kile kiti kilikuwa kimesogezwa shibiri moja nje ya alama. Akamshuku fundi wa taa. Akamshuku mkumbushaji anayewanong'onezea waigizaji maneno waliyosahau. Hata mimi nilitupiwa jicho. Mwishowe akapaka chaki yake ya kushonea mgongoni mwa kiti, akarudi chumbani kusubiri.

Kabla zoezi halijaanza akaingia Malkia. Ndivyo tulivyomwita yule mwigizaji mzee, kipenzi cha mji, aliyeigiza dada mkubwa. Siku hizo umalkia ulikuwa umemkolea kwelikweli, maana hata kifungo hakufunga mwenyewe, alisimama tu afungiwe. Alipolishika gauni lake jeusi, akaacha juu yake vidole vyeupe.

Shangazi alimfunga vifungo. Malkia alipotoka, shangazi akanigeukia. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe nimemshonea mimi!"

"Si umuulize tu, shangazi?"

"Mwizi haulizwi, anakamatwa."

Siku ya onyesho la kwanza alifika kabla ya watu wote, na nyundo kwenye kikapu. Akakirudisha kiti kwenye alama, akakipigilia misumari sakafuni. "Sasa ahame na jukwaa zima," akasema.

Nilikaa safu ya mbele. Pazia likafunguka, na shangazi yangu alikuwa katikati ya mwanga, kapendeza mpaka nikaona fahari. Dokezo likatoka. Malkia akaingia kutoka kulia, kichwa juu, akapita nyuma ya kiti na kunyoosha mkono kidogo tu, kama asiye na haja. Mkono ukashika hewa. Nikaona vidole vikipapasa huku na huku. Kisha akaendelea kutembea, akitabasamu, moja kwa moja kuelekea ukingoni.

Watu walidhani ni maigizo. Mimi pia. Shangazi ndiye aliyekumbuka vifungo.

Dada tajiri hatakiwi kuinuka, mchezo wote umesimama hapo. Shangazi akaruka kutoka kitini, akamdaka mkono hatua moja kabla ya ukingo. "Dada," akasema, neno lisilokuwamo kwenye mchezo, "pita huku."

Baadaye, katika chumba cha maleba, Malkia alikaa, akakiri. "Naona mwanga tu, mdogo wangu. Utepe siuoni. Kiti kikikaa pale ninapokiweka, nikikigusa najua nimefika. Mwongozaji akijua, nitakaa nyumbani. Nyumbani nitafanya nini mimi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe?" Malkia akacheka kidogo, bila ubaya. "Nani angekuambia wewe kitu?"

Maneno yale yalimuuma shangazi, niliona. Akachukua koleo, akaenda kung'oa misumari yake.

Onyesho lililofuata, alikisogeza kiti yeye mwenyewe, shibiri moja, akaketi uso gizani. Kuhamisha taa kungehitaji sababu, na sababu ndiyo iliyokuwa ikifichwa. Mwongozaji alifoka, akaonya, kisha akampa mwingine ile nafasi. Shangazi alilia, nami nikalia naye.

Yule mpya alipokuja kupimwa gauni, shangazi alimwambia, midomo ikiwa na pini: "Kiti utakikuta nje ya alama. Kiache hapo hapo."

"Si nitakuwa gizani?"

"Kiache. Niamini."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Yule mwanamke akamtazama juu mpaka chini, kisha akaanza kupapasa pindo za gauni, kuona kama kuna pini iliyoachwa makusudi. Shangazi hakukasirika. Ila tangu hapo, kila onyesho, husimama pembeni ya pazia bila kukaa, macho kwenye kile kiti, maana hamwamini mtu nacho.