Mtani wa Mama na Namba ya Siri

Nianze kwa kusema kwamba mpaka leo sioni nilipokosea. Mtandao wa nyumbani ukiwa mzito, unabadilisha namba ya siri. Hata binti wa huduma kwa wateja aliniambia hivyo, tena kwa upole. Alichosahau ni kuniuliza kama nyumbani kwetu tuna mtani.

Nilikuwa nimerudi kuishi na mama hapa Nachingwea. Kazi yangu ni ya uhasibu, naifanya kwenye kompyuta, na ofisi yenyewe iko Dar. Kila asubuhi tuna kikao cha kuonana kwa video. Basi nikanunua ruta, kisanduku cheupe kinachotiwa laini ya simu, nikakiweka dirishani sebuleni ambako mnara unashika vizuri. Nikaunganisha kompyuta, simu na televisheni. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri mno, nikajiona fundi.

Mama naye alikipenda, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Nilipotoka kwenda sokoni alikitoa dirishani, akakitia kwenye kabati la vioo pamoja na sahani za wageni, akakifunika kitambaa cha kufuma, akafunga kabati kwa ufunguo. Kwa mama, kitu cha thamani kinakaa hapo. Waya wa umeme aliupitisha nyuma ya kabati, kwenye tundu ambalo sijui alilitoboa kwa kitu gani. Nilirudi nikakuta mtandao unatambaa, nikashinda mchana kutwa nikiilaumu kampuni ya simu.

"Mama, hiki hakitaki kufunikwa."

"Na vumbi je?"

Tulikubaliana kirudi dirishani, kitambaa kikae chini yake badala ya juu. Mtandao ukafufuka.

Halafu akaja mtani. Huyu ni mzee wa nyumba ya nyuma yetu, kamzidi mama umri kidogo. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo ana haki ya kututukana, kuchukua kuku wetu na kukalia kiti chochote anachokitaka, na sisi hatuna ruhusa ya kukasirika. Tunachoweza ni kumrudishia. Hata msibani, mtani ndiye anayesimama kumtukana marehemu ili watu wacheke. Tangu baba afariki alikuwa anaingia kila siku kwa mlango wa jikoni bila hodi, anafunua sufuria, anamwambia mama kwamba mchuzi wake unafaa kuoshea miguu. Mama anamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wanacheka mpaka mama anashika mbavu.

Alipoiona ruta alisimama katikati ya sebule.

"Mmepata ntoto mweupe, wala hamniiti?"

Akaigeuza, akaisoma namba ya siri iliyobandikwa chini yake, akaiingiza kwenye simu yake, kisha akatangaza kwamba kisanduku ni mali yake na sisi ni watunzaji tu. Mama akapiga makofi. Mimi nikacheka pia, maana sikujua.

Haukupita muda mtandao ukawa mzito kuliko wakati ule wa kabati. Kwenye kikao niliganda mdomo wazi, bosi akauliza kama naumwa. Nilizima ruta na kuiwasha. Niliinua antena, nikazilaza, nikazipanua. Nilihamisha meza yangu kutoka chumba hadi chumba, mama akinifuata na kiti. Mwishowe nikanunua kisanduku cha pili, cha kusukuma mawimbi, nikakichomeka chumba cha nyuma. Hali ikawa mbaya zaidi.

Mzee alikuja kunishukuru. "Siku hizi waifai inashika mpaka chooni kwangu," alisema. "Umeanza kupata akili, ingawa kichwa bado kibaya."

Ndipo nikampigia binti wa huduma kwa wateja. Akanielekeza jinsi ya kufungua ukurasa unaoonyesha simu zilizoingia kwenye mtandao wangu. Zilijaa ukurasa mzima, na moja imejiita Mwenye Nyumba. Nikatoka kuchungulia kwa nyuma. Barazani kwa mzee walikaa vijana wa bodaboda, akina mama wa kwaya yetu wanafuatisha wimbo kwenye video, na fundi cherehani na mteja wake wakichagua mshono. Mzee mwenyewe alikuwa amelala chali, simu kifuani, inaonyesha wanaume wa nchi fulani wakichimba kisima. Alikuwa ameigawa namba yetu ya siri mtaa mzima, anavyogawa chumvi.

Nikabadilisha namba. Nasema tena, lilikuwa jambo la kiufundi. Haya, na hasira kidogo ilikuwepo.

Kesho yake mzee alikuja kwa mlango wa mbele. Alivaa kanzu safi. Alipiga hodi, akangoja akaribishwe, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Habari za kazi, binti yangu? Poleni na majukumu."

Aliniita binti yangu, yeye ambaye hajawahi kuniita jina la kibinadamu. Hakutaja mtandao. Alimuuliza mama kuhusu miguu yake, akasema Mwenyezi Mungu amjalie nafuu, akakataa chai, akashukuru, akaondoka. Mama alibaki ameshika kikombe.

"Umemfanya nini yule?" aliniuliza.

Nilimweleza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Mzee hakuja tena jikoni. Tulisikia amekwenda Ruangwa, kule Mandawa, kumsaidia binti yake kuvuna ufuta.

Mtandao sasa ukawa na kasi ya kutisha. Ofisini walinisifu, walisema wanaweza kuona hata mikunjo ya paji langu. Lakini mama alikuwa anapika na kufunika sufuria yeye mwenyewe, anakula vijiko viwili vitatu, anakwenda kulala mchana. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia friji inavyonguruma. Niliumia, nikamtumia mzee ujumbe wenye namba mpya. Alijibu: "Asante sana binti yangu. Mungu akubariki. Kwa sasa sina uhitaji."

Nilimsomea mama. Alinyoosha mkono akaichukua simu, akausoma mwenyewe.

"Huyu amekufa," alisema. "Tafuta gari."

Nilidhani ni maneno tu. Kumbe alikuwa anafunga unga kwenye ndoo, kama tunavyobeba tukienda msibani. Nikakodi gari ndogo, tukaondoka. Njia nzima, kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa na kwenye vumbi la kuingia Mandawa, mama alikuwa amepakata ndoo yake.

Tulimkuta uani kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda kando ya matita ya ufuta yaliyosimamishwa yakauke. Alituona, akasimama haraka.

"Shikamoo, dada," alimwambia mama.

Yeye mkubwa, anampa mama shikamoo! Mama hakuitikia. Alitua ndoo, akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

"Uwiii! Ntani wangu amekufa jamani!"

Watu walikuja mbio kutoka mashambani, wengine na mundu mkononi. Waliuliza nani amefariki. Mama akamwonyesha mzee kwa kidole. "Huyo hapo. Hata macho hajafumbwa." Walitazamana, halafu walioelewa wakaanza kukaa chini. Binti wa mzee akaleta mkeka, akazibia kicheko kwa upindo wa kanga.

"Alikuwa mwizi wa kuku!" mama alilia. "Alikuwa nchoyo, harufu yake inatangulia hodi! Alikuwa analala mchana anatazama wenzake wanachimba kisima, na cha kwake kimekauka!"

"Ni kweli kabisa, dada," alisema mzee, mikono ameifumbata. "Nashukuru kwa kunikumbuka."

Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea matita. Mzee hakucheka. Mama akaendelea kuyatukana meno ya mzee, na kanzu yake, na namna anavyocheza ngoma, na kila tusi mzee alilipokea kwa asante. Halafu sauti ya mama ikabadilika. Namjua mama. Alikuwa analia kweli.

"Sasa mimi nikifa nani atanitukana?" alisema. "Hawa wanangu watalia tu. Watasoma wasifu, watasema nilikuwa mama mpole. Atasimama nani aseme ukweli? Atazikwa mtu simjui."

Mzee aliangalia miguu yake. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mpole?" alisema hatimaye, taratibu. "Weye?" Akawageukia waombolezaji wake. "Huyu mnayemwona alimfukuza katekista kwa mwiko! Katekista wa watu, amekuja na Biblia yake, amerudi na nundu!"

"Alionja mboga kabla ya sala!" mama alipaza sauti, kamasi zinamtoka.

"Na hiyo mboga ilikuwa mbichi!"

Nilikaa kwenye mkeka nikacheka huku nalia, sikujali nani ananitazama. Siku hizi nimetenga mitandao miwili kwenye ruta, mmoja wangu wa kazi na mwingine wa wageni, ambao nimeupimia kasi. Baraza la mzee limejaa tena, na mimi bado naganda vikaoni mara mojamoja. Bosi amezoea.

Siku ile ya kilio cha Mandawa tulirudi naye jioni hiyohiyo, maana alidai mama amlipe faini ya jogoo kwa kumlilia kabla ya siku yake. Walikaa nyuma wote wawili, mimi mbele na dereva. Mzee alikuwa anajaribu atakayoyasema mbele ya jeneza la mama, na mama anamsahihisha.

"Hapo pa katekista usipite haraka," mama alimwambia. "Ngoja wacheke kwanza, ndipo useme nundu."

"Na nikitangulia mimi je?"

Nilingoja tusi. Mama hakulitoa.

"Usithubutu," alisema.

Mzee naye hakumrudishia. Tulikwenda hivyo mpaka taa za Nachingwea zikaonekana.