Supu ya Maharage Isiyo na Ndizi

Mungu amenijalia miaka mingi, nami namshukuru kwa kila mmoja. Lakini nikiikumbuka siku niliyompikia mama mkwe supu ya maharage, kifua bado kinachemka, ingawa nimeshaungama zaidi ya mara moja.

Tuliishi Chonyonyo, kijijini kwa mume wangu, miaka ya themanini. Mvua ya mawe ilikuwa imelaza migomba yote ya kibanja chetu. Mikungu iliyofaa tuliila ikaisha. Ikafuata baridi kali, ukungu ukikaa hadi adhuhuri, na mama mkwe akashikwa na homa. Mganga wa zahanati alinipa klorokwini, akanionya: asimeze kama hajala. Mume wangu akachukua baiskeli kwenda Mabira kwa dada yake kutafuta ndizi. Angerudi kesho yake.

Nikabaki na maharage. Wazazi wangu walitoka Rwanda, na nyumbani kwao maharage yalikuwa chakula kamili, si mboga ya kulia ndizi kama kwa watu wa mume wangu. Niliyachemsha tangu alfajiri, nikayaponda kidogo ili mchuzi uwe mzito, nikatia kitunguu, nyanya, na samli niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya Noeli. Nikampelekea yakiwa yanafuka moshi.

Mama mkwe akachungulia bakuli. "Ndizi ziko wapi?"

"Hazipo, mama. Kunywa hii upate kumeza dawa."

"Hii ni mboga. Nitaila na nini?"

Akajifunika blanketi, meno yakigongana. Nilimbembeleza mpaka supu ikaanza kupoa. Ndipo jirani yetu akaingia kumjulia hali.

"Shikamoo, mama. Umekula?"

"Nile wapi? Tangu jana sijala. Huyu ananinywesha maji ya maharage."

Jirani akanitazama, kisha akatazama bakuli. "Msamehe, mama. Kwao ndivyo wanavyokula."

Nilitoka nje kabla mdomo haujanikosesha. Samli yangu ya Noeli! Na yule jirani, ambaye Jumapili tulikuwa tumekaa benchi moja kanisani! Nilisimama katikati ya migomba iliyolala nikaomba uvumilivu, lakini maneno yaliyokuja hayakuwa ya sala. Nilimwambia Mungu wazi: huyu mama akifa, watasema nimemuua kwa njaa, na chungu kimejaa.

Nikiwa nimeinama kwa hasira hiyo, nikaona mkungu uliofunikwa na majani, vidole vyake vidogo kama gumba langu, vichanga kabisa. Nikavikata vinne. Nikavimenya, utomvu ukinigandia mikononi, nikavitumbukiza kwenye chungu kile kile mpaka vikaiva.

Nilipompelekea bakuli jingine, mama mkwe aliketi. Akatafuta ndizi kwanza. Zilikuwa chungu, uso ukamkunjamana, lakini alizila zote. Kisha akainywa supu hadi tone la mwisho, akaomba nyingine. Akameza vidonge.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Sasa nimekula."

Jirani akaitikia, "Umeona? Anajifunza."

Nilichukua bakuli nikaenda kuliosha, nikilisugua kuliko lilivyohitaji.

Alipona, na Mungu asifiwe. Jumapili iliyofuata niliwasikia wanawake mlangoni mwa kanisa wakisifu zile ndizi nne. Samli hakuna aliyeitaja. Leo mimi ndiye bibi wa nyumba, na baridi ikija ninaipika supu ile ile. Ndizi sitii hata kidole kimoja. Anayetaka, akachemshe zake.