Mafiga ya Darubini

Nyuma ya nyumba yetu Mkonze niliweka mawe matatu, na sidhani kama kuna ghorofa mjini Dodoma lililojengewa msingi kwa uangalifu kama ule. Niliyasawazisha kwa pima maji ya dukani ninakouza vifaa vya ujenzi, kisha nikachonga kishimo juu ya kila jiwe, kila kishimo mguu mmoja wa darubini yangu ya mtumba. Darubini inakaa juu ya mtambo unaoizungusha taratibu ili ifuate nyota, na mtambo huo lazima uelekezwe kwenye ncha ya kusini ya anga. Huku kwetu ncha hiyo iko chini mno, karibu na vilima, na haina nyota ya maana ya kuionyesha. Niliitafuta jioni baada ya jioni mpaka nikazeeka miaka kumi. Darubini na miguu yake niliviingiza ndani kila siku kwa kuogopa wezi na vumbi, lakini mawe yalibaki palepale kunitunzia ule uelekeo.

Nilikuwa nawinda nebula moja ndogo, yaani wingu la gesi huko angani. Shule ya usiku, nilikomalizia kidato cha nne nikiwa na ndevu kama beberu, mwalimu wa fizikia alituambia kwamba nyota ikizeeka hutema gesi, ikabaki imezungukwa na wingu. Hakutuambia kuwa mawingu mengine, ukiwa uani kwako, ni madogo kuliko tundu la sindano. Hii yangu ilionekana kama nyota tu, ila ya kijani. Ilitaka mamia ya picha za sekunde chache chache, kompyuta izipange moja juu ya nyingine, ndipo nukta igeuke duara.

Na muda ulikuwa unaniishia. Ilikuwa Novemba. Kila jioni nebula yangu iliteremka zaidi magharibi, ikilisogelea paa la nyumba mpya ya jirani, na mawingu ya mvua yalikuwa yamenifungia anga wiki nzima. Siku ile mchana mbingu ikafunguka. Nikamuuzia mtu bawaba badala ya misumari. Nilijua: ni leo, au mpaka mwakani.

Nikafika nyumbani jua linazama. Nikanusa moshi.

Mama mkwe wangu, aliyefika juzi yake kutoka Kondoa, alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Mbele yake moto, juu ya moto sufuria kubwa ya makande, na chini ya sufuria mawe yangu matatu.

"Shikamoo, mama," nilisema, sauti ikinitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba, mkwe wangu, Mungu akuzidishie! Nimewaambia majirani wote, mimi nina mkwe. Amesikia nakuja, akanitengea mafiga. Na yalivyokaa sawa! Sufuria haitikisiki."

Mtu hamwambii mama mkwe atoe chakula chake motoni. Nikaingia ndani kwa mke wangu.

"Kamwambie mama."

"Nimwambie nini? Kwamba mafiga si yake, ni ya nyota?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nenda wewe, mkwe mpendwa."

"Makande yameiva?"

"Maharage bado yanagonga sufuria."

Nikarudi uani, nikachuchumaa, nikaanza kuchochea moto mwenyewe. Kila ukuni niliouongeza uliivisha makande na kuyachoma mawe yangu. Giza likaingia. Nilitazama juu ya paa la jirani, nikatazama sufuria, nikatazama paa.

Hatimaye sufuria ikaepuliwa. Mama akainua ndoo ya maji azime moto.

"Mama, acha!"

Jiwe la moto likimwagiwa maji hupasuka. Lakini nilikuwa nimempigia kelele mama mkwe. Nikamweleza yote, macho chini.

"Kwa hiyo hukunitengea mimi."

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Na umekaa hapo unachochea."

"Ndiyo, mama."

Akaweka ndoo chini. Kisha akachota makaa kwa koleo, akayatupa kando, akachukua ungo na kuanza kuyapepea mawe yapoe. "Ondoa uso huo wa msibani. Lete hilo libomba lako."

Nikaisimamisha darubini na kamera yake juu ya mawe, lakini hewa ya moto iliichezesha ile nyota ya kijani kama dagaa kwenye mafuta. Mama alipepea, akabadili mkono, akapepea. Polepole nyota ikatulia, kamera ikaanza kazi. Halafu paa la jirani likaimeza. Nilikuwa nimepata picha chache kuliko nilizotaka.

Tulikula makande huku kompyuta ikizipanga picha. Kikatokea kiduara, kijani, chenye chengachenga.

Mama akasogeza uso. "Choroko."

"Ndiyo, mama."

"Choroko moja." Akaitazama tena. "Imeanza kuchubuka ganda, ona pembeni."

Kweli, ukingo wa lile wingu la gesi ulionekana.

Kesho yake mawingu yalirudi. Nilimsawazishia mafiga mengine kwa pima maji ileile, na mpaka anaondoka alilalamika kwamba yale ya nyota yalikaa vizuri zaidi.