Gari Lisilo na Klachi

Hata leo, harufu ya oili ya gia ikinipata puani, najikuta natabasamu. Naiona karakana ya shamba la mkonge, na baba amesimama mbele ya magari mawili mabovu, lori na gari dogo. Alikuwa ameruhusiwa kuchukua injini moja na gia boksi yake, atuundie kigari chetu cha fremu ya mabomba.

Mjomba na wenzake, waliokuja kwa msaragambo, kazi ya kusaidiana kijijini, kutubebea mzigo hadi kwetu mlimani, waliitaka ya lori.

“Shemeji, hii ndiyo itapanda mlima! Hiyo nyingine haina klachi, gia zinajibadilisha zenyewe. Gari la wavivu hilo!”

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umepooza tangu nikiwa mchanga. Klachi, inayokanyagwa kwa mguu huo, nisingeiweza kamwe.

Baba aliniinua, akaniketisha kwenye usukani wa gari la wavivu.

“Kanyaga mafuta, mwanangu. Mguu wa kushoto una kazi gani humo?”

“Hauna kazi, baba!”

“Basi tumechagua.”

Mjomba aliutazama mguu wangu. Kisha akaweka begani mti wa kubebea injini.

“Haya jamani, inueni! Dereva anatusubiri.”