Huduma Isiyo na Jina kwenye Laptop ya Riziki

Asiyeamini aache, mi sitamubembeleza. Hii kitu ilinifikia mimi mwenyewe hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, mchana kweupe. Bantu banasema wafu banatembea usiku. Uongo. Mwenye hasira anatembea saa anayotaka.

Alikuja mwanaume mumoja, Mukongomani mwenzetu anayekaa Nsungwi, kule Lilongwe, anauza vitu vya mitumba. Akaweka laptop mezani.

"Dada, feni inapiga kelele, mashine inachoma kama pasi. Mafundi ba mjini bameshindwa."

Njo kosa lake hilo. Alikuja kambini sababu huku tunasikilizana luga.

Nikaiwasha. Prosesa iko asilimia mia, na hakuna hata programu moja iliyofunguliwa. Nikatafuta, nikaona ni huduma moja ya mfumo, zile zinazojiendesha nyuma bila muntu kuziona. Haikuwa na jina. Nikaisimamisha, ikarudi. Nikaikataza isiwake tena, nikazima mashine, nikawasha: iko pale pale. Mwenyewe akaenda kutafuta nsima, ugali wa huku. Mi nikafungua mufuniko wa chini nisafishe feni, pengine ni vumbi tu.

Hapo njo nikaona skrubu ya cherehani kwenye bawaba. Skrubu ile niliitia mimi, niliitoa kwenye cherehani ya mwenye laptop ile, Riziki, rafiki yangu wa Uvira, fundi wa nguo na mwimbaji wa kwaya yetu. Gari lilimugonga kwenye barabara ya Lilongwe. Balimupata amekufa pembeni ya lami, sakoshi yake wazi, laptop haipo. Tulimuzika bila kujua nani alipita pale.

Niambieni, mungefanya nini? Mi nililia kwanza, kisha nikakasirika mpaka meno yakauma. Nikafunga mufuniko, nikawasha tena, nikataka kuizima ile huduma mara ya mwisho.

"Acha."

Riziki alikuwa amekaa kwenye benchi ya wateja, na kitenge kile kile tulichomuzika nacho.

"Ni mimi njo naiendesha," alisema. "Usinizime. Umurudishie. Nataka kuenda naye kwake."

Muniamini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi. Nilipotaka kumushika mukono, benchi ilikuwa tupu.

Basi nikairudisha huduma iwe inawaka yenyewe, nikaificha asiione. Papo hapo feni ikanyamaza. Mwanaume akarudi, akauliza kama imepona.

"Imepona, kaka. Chukua."

Akasema zikomo, asante ya huku, akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, akaenda zake ikilia.

Alirudi wakati wa mavuno, mikono yote miwili imeungua, imefungwa bandeji. Akasema ile laptop aliitupa chooni, akanunua ingine kule mjini, Kawale. Huduma ile ikawa ndani. Akaacha kompyuta, akabaki na simu, simu ikamuchoma sikio. Sasa feni inapiga kelele chumbani mwake, na hakuna mashine.

"Dada, izime. Nakuomba."

"Ule mwanamuke wa barabarani," nikamuuliza, "ulimukuta amekufa?"

"Hapana. Aliniomba maji."

"Na ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kupika.

Mpaka leo anazunguka mitaa ya Lilongwe, Biwi na Kawale, na hakuna fundi anayemupokea. Na mimi? Kila mashine ninayofungua sasa, ya pasta, ya mwalimu, ya nani, ninaikuta ile huduma isiyo na jina. Imetulia tu, haili kitu. Inaangalia kwanza mwenye mashine ni nani. We unayesoma hapa, kama kuna kitu ulikiokota pembeni ya muntu anayekata roho, usiniletee nikutengenezee. Nitasafisha vumbi, nitakwambia imepona, na utaibeba mwenyewe mpaka kwako.